Klachi ya Gari la Bibi Harusi

Kwa miezi saba mfululizo Faraji alikuwa mtu wa kwanza kufika ofisini, na mkuu wake wa kitengo alimtaja kwenye kikao kuwa mfano wa kuigwa. Hakuna aliyejua kwamba bwana huyu wa miaka thelathini na sita alikuwa anakimbia foleni ya Kwa Mathias. Ukipita pale kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, barabara ni yako. Ukipita saa moja na nusu utasimama, utasogea hatua tatu, utasimama tena, basi limekuziba mbele na lori limekukalia nyuma. Na Faraji, pamoja na majigambo yake yote, alikuwa hajui kusimama na kuondoka. Alijua kwenda tu.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la Kijapani, milango miwili, viti viwili, gia sita za mkono. Lilikuwa limelala chini mno, hata matuta ya Visiga, alikokuwa anaishi, aliyapanda kiupandeupande, tairi moja baada ya jingine, huku watoto wa shule wakimpita kwa miguu. Buti yake ilitosha begi moja na mwavuli. Mama yake alipompa kiroba cha mihogo kutoka Marui, mihogo ilikaa kiti cha abiria na kufungwa mkanda, na ikafika Visiga salama kuliko dereva.

Udereva alijifunzia gari la otomatiki la rafiki yake. Habari za gia alizipata kwenye simu, kwa kutazama video, kisha akazunguka uwanja wa mpira jioni tatu mpaka akajiona amehitimu. Uwanja wa mpira hauna mlima, na hilo hakulifikiria.

Basi angalau angenyamaza. Mtu ana siri yake, anaitunza, nani atamuuliza? Lakini Faraji hakuumbiwa kunyamaza. "Otomatiki ni gari la kupelekea watoto shule," alikuwa anasema kantini, na funguo ameziweka mezani pembeni ya chai. "Gari la gia linataka mwanamume." Alisema hivyo mbele ya wenzake ofisini, akasema Marui mbele ya wajomba, akasema hata mbele ya Didas, fundi wake pale Kwa Mathias, ambaye kwa kazi yake angeweza kumuumbua kwa neno moja.

Didas hakumuumbua. Ni mtu mpole, mwenye maneno machache, na siku hiyo alikuwa ametoka kumfungia klachi mpya, maana ya kwanza ilikwisha ndani ya miezi hiyo saba. Zilikuwa zimebaki siku nane kabla ya harusi ya Zawadi, mdogo wake Faraji. Didas alikaa kiti cha abiria wakati gari linajaribiwa, akatazama chini, akasema kwa sauti ya kawaida, "Bosi, mguu wako wa kushoto unalala juu ya klachi. Na hii nayo utaiunguza. Nipe dakika kumi nikuoneshe namna ya kuondoka mlimani."

"Wewe fundi shughulika na oili," Faraji akasema, akacheka. Didas naye akacheka kidogo, ikaishia hapo.

Zawadi ndiye aliyetaka kwenda kwa mumewe na gari la kaka yake. Wajomba walimwambia kuna Noah mbili safi, zina nafasi, zina kiyoyozi. Akakataa. Alipokuwa darasa la kwanza Faraji alikuwa akimpakia nyuma ya baiskeli kumpeleka shule, amekalia khanga iliyokunjwa ili mifupa isiumie, na alisema kama kaka alimtoa nyumbani kwa baiskeli siku ya kwanza ya shule, ndiye atakayemtoa na siku hii. Ukisikia maneno kama hayo kwa mdogo wako, unafanyaje? Faraji aliona kifua kimempanuka. Hapo angeweza kusema, Zawadi, panda Noah. Neno likamfika mdomoni akalimeza.

Somo wa bibi harusi alinung'unika. Gari gani hili lisilo na nafasi ya somo? Akalazimika kupanda Noah ya nyuma, na kabla ya kwenda huko alimwinamia Faraji dirishani. "Baba, unajua mila yetu. Bibi harusi akishatoka kwao harudi nyuma. Hata hatua moja."

"Najua, mama."

Anajua vizuri sana. Kwao Marui na kwa wakwe kule Kisarawe mjini, jambo hilo halina mjadala. Bibi harusi akisahau khanga hutumwa mtu. Shangazi yao mmoja, dereva wake alipopitiliza njia panda, msafara mzima ulizunguka kwa kijiji cha pili kuliko gari lake kurudi rivasi. Arudiye nyuma siku hiyo, moyo wake umebaki kwao, na nyumba aendayo haitamweka. Ndivyo wanavyosema, na mama mkwe wa Zawadi, Bi Zuwena, ni katika wanaosema hivyo kwa uhakika kuliko wote.

Barabara ya vumbi kutoka Marui ilikwenda salama. Faraji alipandisha gia, akashusha, akapiga honi, akawa mtu. Kisarawe mjini ndiko matarumbeta yalikokuwa yanawasubiri, vijana wanane nyuma ya pikapu, na kuanzia hapo msafara ukaenda mwendo wa miguu. Matarumbeta hayana haraka, yapo ili watu watoke nje waone. Gari la otomatiki katika mwendo ule unaachia breki, linajisogeza lenyewe. Gari la Faraji lilitaka ama liende ama lisimame, na yeye hakuthubutu kusimama. Akalishikilia kwa klachi nusu, mguu wa kushoto unatetemeka, wa kulia unabonyeza mafuta, injini inanguruma kwa ghadhabu. Watu pembeni wakashangilia mngurumo wakidhani ni mbwembwe.

Mlima wa kwenda kwa Bi Zuwena si mrefu, ila umesimama. Walipoufikia, Zawadi akanusa hewa chini ya mtandio wake.

"Kaka, kuna kitu kinaungua."

"Watu wanachoma majani."

Katikati ya mlima shangazi wa bwana harusi wakateremka na khanga kuja kumpokea mwali, na pikapu ikasimama ili wapigiwe wimbo mmoja mzima. Faraji akasimama. Gari likazima.

Akawasha. Akaachia breki, akaachia klachi, gari likaruka mara moja, likazima, na likaanza kurudi nyuma. Akakanyaga breki. Akawasha tena, mara hii moshi ukatoka chini ya boneti, mwembamba, wa harufu kali. Likarudi nyuma tena, zaidi ya mara ya kwanza, hata Noah ya somo ikabidi nayo irudi, na gari la nyuma yake, na la nyuma yake, mpaka msafara wote ukawa unateremka kinyumenyume. Tarumbeta zikakatika moja moja. Shangazi waliokuwa wanacheza wakashusha mikono.

"Vuta hendibreki, kaka," Zawadi alisema polepole, bila kugeuza shingo. "Ivute kwanza, halafu uondoke."

Alikuwa ameisahau kabisa. Mdogo wake, ambaye hajawahi kushika usukani, aliikumbuka, na yeye hakuweza hata kuivuta, mkono ulikuwa hauna nguvu. Mara ya tatu injini iliwaka, gari likanguruma bila kwenda popote. Klachi ilikuwa imekwisha. Vijana wa upande wa bwana harusi wakavua makoti, wakalisukuma gari jekundu mpaka getini, bibi harusi yumo ndani, na hakuna aliyepiga kigelegele.

Faraji aliposhuka, kanzu imemganda mgongoni. Bi Zuwena alikuwa amesimama na chetezo cha ubani mkononi, macho yake hayamtazami yeye, yanamtazama Zawadi. Kimya kile kilikuwa kizito mno, na mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kukiondoa kwa kusema kweli: mama, mimi ndiye sijui kuendesha. Maneno machache. Faraji akafungua mdomo.

"Ni yule fundi," alisema kwa nguvu, wote wasikie. "Didas wa Kwa Mathias. Mwongo mkubwa yule, kanifungia klachi mbovu."

Wanaume wengi pale wanaendesha otomatiki. Wakatikisa vichwa, wakasema mafundi siku hizi si watu. Zawadi alikuwa bado hajashuka. Alimtazama kaka yake kupitia mtandio, na Faraji akajua kwamba ameona mguu, ameona mkono, amesikia na hilo alilolisema sasa hivi. Alimpa somo mkono, akashuka.

Shemeji zake Zawadi, ndugu wa mume wake Ashrafu, wana pikapu na Noah mbili, zote huhudumiwa na Didas. Jumatatu walilivuta gari jekundu mpaka Kwa Mathias, wakalitupa mlangoni kwa Didas wakamwambia atengeneze alichoharibu, tena bure, na kwamba wao hatawaona tena. Mmoja alisema hayo barabarani, mbele ya wateja na wauza matunda. Habari zikamfikia Faraji siku hiyo hiyo. Akajiambia mambo yatapoa. Akapanda bodaboda kwenda kazini, akachelewa kama watu wengine, na walipomuuliza gari liko wapi alisema liko kwa fundi, akageuza mazungumzo.

Wiki tatu zilipita hivyo. Aibu yake ilikuwa na namna ya kumjia akiwa peke yake, anaoga, anapiga mswaki, inampanda usoni mpaka anafumba macho. Alipofungua, alikuwa bado hajafanya lolote.

Kisha Jumamosi moja asubuhi Didas akampigia simu. "Bosi, gari limepona. Njoo ulichukue."

Alikwenda miguu mizito. Alitegemea matusi, na kwa kweli angeyapokea. Didas alimkaribisha kigoda, akaingia ndani, akatoka na kipande cha chuma cha duara kilichokuwa cheusi na kupasuka kingo. Hata baada ya wiki tatu kilinuka.

"Hii ndiyo pleti ya klachi niliyokufungia," Didas alisema. "Ilifanya kazi siku nane. Haikuwa mbovu. Imeunguzwa na mguu, na fundi yeyote akiishika atakwambia hivyo. Nilitaka kupanda nayo Kisarawe niwaoneshe wale jamaa. Lakini dada yako ameniwahi."

"Amekuwahi vipi?"

"Hujui?" Didas akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Wiki iliyopita wale vijana walirudi na magari yao yote, wakaniomba radhi. Kumbe dada Zawadi amewaambia kosa ni lake. Eti pale mlimani alikushika mkono wa gia, akakwambia umrudishe nyumbani, ndiyo maana gari likarudi nyuma. Nami sikubisha. Nina familia, bosi. Lakini najua amebeba mzigo usio wake."

Faraji aliitazama ile pleti mkononi mwa fundi, akaona hawezi kuendelea kuitazama. "Itupe," alisema. "Nisiione." Didas akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, na muda si mrefu jamaa wa mkokoteni wa chuma chakavu akapita, wakapimiana, akaondoka navyo vyote.

"Didas," Faraji alisema, na sauti yake alikuwa haitambui, "zile dakika kumi bado zipo?"

Zilikuwepo. Nyuma ya gereji kuna kijinjia kinachopanda, na hapo Didas alimwonesha: vuta hendibreki, mafuta kidogo, achia klachi mpaka uhisi gari linainua pua, hapo ndipo ushushe mkono wa hendibreki. Mara ya kwanza likazima. Ya pili likazima. Ya tatu likapanda. Hata dakika kumi hazikutimia. Faraji alizima gari kule juu akaweka paji la uso kwenye usukani, na Didas, kwa heshima, akajifanya anakagua tairi.

Kutoka hapo hakurudi Visiga. Alikwenda moja kwa moja Kisarawe, na njia nzima alikuwa anajisomea maneno yake, yaliyopaswa kusemwa wiki tatu zilizopita. Kwenye ule mlima, karibu mahali pale pale, kundi la mbuzi likakatisha barabara. Akasimama. Mbuzi wakapita kwa nafasi zao. Akavuta hendibreki, akasikiliza, akaishusha, na gari likaondoka kwa utulivu mpaka getini. Hakuwa na muda wa kufurahi. Kule juu, barazani, Bi Zuwena na majirani wawili walikuwa wanachambua mchele, na waliona yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Za Visiga?"

Hakukaa. Alisema palepale amesimama, mbele ya majirani, kwa kuwa uongo wake nao aliusema mbele ya watu. Alisema siku ile Zawadi hakumshika mkono, hakutaka kurudi kwao, hakusema lolote ila kumkumbusha hendibreki. Alisema fundi hakukosea. Alisema yeye Faraji alikuwa hajui kuendesha gari la gia, aliwadanganya watu wote kwamba anajua, na alipoumbuka akamsingizia mtu asiyekuwepo. Alisema mpaka mwisho.

Bi Zuwena alipepeta mchele mara mbili, akaweka ungo chini.

"Nimekusikia," alisema. "Umelelewa vizuri. Dada yako ana bahati ya kuwa na kaka anayemfichia."

"Simfichii, mama. Mimi gari la gia nilikuwa sijui."

"Hujui, na hapa umefika na nini?" Bi Zuwena alionesha getini kwa kidevu. "Tumekuona kwa macho yetu. Umesimama palepale, mbuzi wakapita, ukaondoka vizuri. Gari linapanda. Dereva anajua. Sasa siku ile palikuwa na nini kisichokuwepo leo, isipokuwa yeye?"

"Nimejifunza leo asubuhi. Kwa dakika kumi. Didas ni shahidi wangu."

Jirani mmoja akacheka, akajifuta macho na pindo la khanga. Watu wanajifunza miezi mitatu, alisema. Bi Zuwena hakucheka.

"Didas si ndiye uliyetuambia hapa hapa kwamba ni mwongo? Leo ndiye shahidi?" Hakuwa anamkejeli, na hilo ndilo lililomuumiza Faraji zaidi. Alikuwa anamwonea huruma. "Baba, kama siku ile ulidanganya, leo nikuamini kwa lipi? Na kama siku ile ulisema kweli, ya leo ni ya kumpendeza dada yako. Acha. Mimi sina ugomvi naye. Ni mgeni wetu. Nimewaambia humu ndani wasimchoshe na kazi, maana aliyetaka kurudi siku ya kwanza, siku yoyote anaweza kurudi."

Faraji alifikiria ile pleti nyeusi, ushahidi pekee usio na mdomo wa mtu, akaikumbuka ikianguka kwenye pipa kwa amri yake mwenyewe. Akamwomba Bi Zuwena amsikilize tena, akayarudia yote. Safari ya pili yalisikika ya uongo hata masikioni mwake.

Zawadi alitoka ndani na glasi ya maji juu ya kisahani. Hina ya harusi ilikuwa imebaki rangi hafifu kwenye kucha zake. Alimsalimia kaka yake, akamsubiri anywe, kisha akamsindikiza mpaka kwenye gari, hatua za kutosha wasisikike.

"Ulisema yale kwa nini?" Faraji aliuliza. "Kwa nini hukusema kweli?"

"Didas walikuwa wanamharibia kazi. Na wewe ni kaka yangu, nikuumbue ukweni?" Alisema bila hasira, anatazama gari na si yeye. "Nilikusubiri kwanza. Nilidhani utakuja kesho yake. Kila pikipiki ikipanda huu mlima nilikuwa natoka kuchungulia. Wiki mbili, kaka. Ndipo nikasema."

Faraji aliugeukia ule mlima.

"Leo umeendesha vizuri," Zawadi akaongeza, na akatabasamu kidogo, kwa sababu ni kweli na kwa sababu anampenda. "Nenda sasa. Mama anatutazama."

Akapokea glasi, akarudi ndani kupitia baraza, akiwapita wale watatu na nyungo zao, na hakuna aliyemwambia akae achambue nao.

Faraji aliingia kwenye gari, akawasha, akageuza getini, akaanza kuteremka kwa gia ya kwanza. Macho ya barazani yalikuwa mgongoni kwake. Pale kwenye njia ya mbuzi alisimama bila sababu, akaachia klachi ghafla kwa ule mguu wake wa zamani, anaomba lizime, liruke, aumbuke, wamwone alivyo. Lakini alikuwa anateremka mlima, mteremko ukalisukuma, na gari halikuzima.